Kengele inalia, lakini seli haisikii

Ndugu wachimbaji, na ninyi ba mama munaobaki ku nyumba, leo tuongee juu ya sukari mu damu.

Kamarade mumoja wa ekipe yetu ya usiku alianza kukonda. Maji yake ilikuwa inaisha mbele ya usiku kati, na kila saa alitafuta fasi ya kukojoa. Watu wakasema wamemuloga juu ya kazi yake. Yeye alinyamaza, aliogopa: nikienda kwa munganga, watanifukuza. Siku moja akaanguka kule chini. Ku hospitali wakapima damu: sukari ilikuwa imepita kiasi kabisa. Muloji hakukuwa. Kulikuwa tu amri ya mwili isiyosikiwa.

Sikilizeni namna inavyotembea. Munajua ile kengele ya mashini inayoshusha na kupandisha watu mu shimo. Mutu wa chini anavuta kamba, kengele inalia kule juu, mwenye mashini anasikia na kuiendesha. Kengele yenyewe haibebi mutu. Inapeleka habari tu. Homoni njo ile kengele. Inatengenezwa fasi moja, inatembea na damu, inafika ku seli, vile vyumba vidogo sana vinavyojenga mwili wote. Seli iko na masikio yake, yanaitwa vipokezi. Isiyokuwa na sikio la homoni hiyo, haishituki.

Ukikula bukari, sukari inapanda mu damu. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, inatosha homoni ya insulini. Insulini haihitaji kuingia mu seli ya musuli. Inashika kipokezi kule inje. Kipokezi kinaamusha protini moja ndani, nayo inaamusha ingine, sawa watu wanaopitishana mifuko ya mawe mukono kwa mukono. Mwisho wa mustari, milango ya sukari iliyokuwa imewekwa ndani inasukumwa mpaka ku ngozi ya seli. Sukari inaingia, musuli inapata nguvu.

Lakini jiwe likianguka karibu yako? Roho inapiga mbio. Ile ni adrenalini, inatoka ku tezi mbili zilizo juu ya mafigo. Yenyewe inaamuru kinyume: maini, tosha sukari, huyu mutu akimbie! Mwanasayansi wa Marekani, Earl Sutherland, njo alionyesha kama adrenalini inagonga ku seli, kisha ndani kunazaliwa mujumbe wa pili anayeendesha kazi. Juu ya ile alipata zawadi ya Nobel mu 1971.

Tena kuko kortisoli, inayoongeza sukari. Kwa kawaida inashuka usiku, inapanda asubuhi. Mutu wa zamu ya usiku, kengele zake zinalia saa isiyo yake. Njo maana moja inayofanya ugonjwa wa sukari upate watu wa usiku zaidi.

Ugonjwa uko wa aina mbili kubwa. Ya kwanza, kongosho haitengenezi tena insulini: kengele imekatika. Zamani watoto walikuwa wanakufa nayo haraka. Mu mwezi wa kwanza 1922, kule Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akapigwa sindano ya insulini, akaishi miaka mingine 13. Ya pili njo mingi kwa watu wazima: kengele inalia, lakini sikio limekuwa zito. Tumbo kubwa na kukaa-kaa vinaongeza uzito ule. Kutembea kunasaidia, kwani musuli inayofanya kazi inafungua milango ya sukari hata bila insulini.

Kiu isiyoisha, mukojo mingi, kukonda, macho ya giza, kidonda kisichopona: nenda upimwe bila kukula kitu. Ikifika gramu 1,26 mu litri ya damu, na kupimwa tena ikaonyesha vile, ni ugonjwa wa sukari. Dawa iko.

Na sisi delege wa sendika tudai vitu viwili: damu ya kila mufanyakazi ipimwe kila mwaka, na mugonjwa atoshwe ku zamu ya usiku, asitoshwe ku kazi.

Kamarade wetu amerudia, sasa anafanya muchana, kule juu. Bibi yake anatuambia: kama hangeficha, macho yake ingekuwa ingali muzima.