Kizimba cha Chuma na Watu wa Robo Maili

Ndugu zangu walioko Tanga wakiona mbio hizi kwenye simu, hukumu hutoka papo hapo: wahuni hao, wana haraka ya kufa. Wameona moshi wa matairi, gari limenyanyua magurudumu ya mbele, umati unapiga mayowe. Siwalaumu kwa walichokiona, ila hitimisho lao nalikataa katakata. Nimekaa Ohio kwa muda wa kutosha kuwajua watu wa mbio za dragi, hasa wale wa viwanja vidogo, wasiodhaminiwa na kampuni yoyote, wanaofika na gari walilolijenga wenyewe uani. Sijapata kuona jamii nyingine inayokesha namna ile ikijadiliana jinsi ya kumtoa mtu salama ndani ya gari lililopinduka.

Mbio zenyewe hazina maelezo marefu. Magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka, yanafyatuka kwenye robo maili iliyonyooka, yaani mita 402, na sekunde kumi na kitu baadaye mambo yamekwisha. Kwa hiyo anayetaka kujua mila za watu hawa asiende uwanjani mwezi wa saba. Aende gereji mwezi wa kwanza, theluji imefunga viwanja, hita inanguruma kwenye kona, na gari limevuliwa viti vyote. Huo ndio msimu wa kujenga vizimba, yale mabomba ya chuma yanayomzunguka dereva ndani ya gari.

Kwanza niseme kidogo juu ya chimbuko la kanuni, maana wengi hudhani zilibuniwa na makarani wasiojua injini. NHRA, chama kikuu cha mbio hizi Marekani, kilianzishwa mwaka 1951 na Wally Parks, mhariri wa jarida la Hot Rod, wakati vijana wa California walipokuwa wakishindana barabarani na polisi wakiwakimbiza. Mwaka 1954 chama kilituma kikosi kidogo kuzunguka nchi na gari lililovuta trela, kikiongozwa na Bud Coons, aliyekuwa polisi wa mji wa Pomona. Kilikwenda mji kwa mji, kikiwafundisha vijana na wakubwa wa miji kuandaa mbio mahali palipofungwa, kupima muda na kukagua magari. Kiliitwa Drag Safari, na hadi leo kikosi cha uokoaji cha NHRA kinaitwa Safety Safari. Ukaguzi haukuja baadaye kuharibu starehe ya mtu. Ulikuwapo tangu msingi unachimbwa.

Kitabu cha kanuni kinataka gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 11.49 au pungufu liwe na tao la chuma nyuma ya dereva. Likifikia 9.99, linatakiwa kizimba kamili, na chasi nzima ipimwe na kupewa cheti. Hapo ndipo desturi ninayoipenda kuliko zote inapoanzia. Kijana amefunga injini mpya, amekimbia, karatasi ya muda imeonyesha amevuka mpaka. Mkaguzi anamwita pembeni, anampa mkono wa hongera, kisha anamwambia leo hatakimbia tena mpaka gari lijengwe. Wenzake hawamwonei huruma. Wanamzunguka, wanamuuliza ana bomba la kipimo gani, nani atamchomelea, na mashine ya kukunjia iko kwa nani. Kabla jua halijazama ameshapata mafundi, na hajatoa hata senti.

Jirani yangu, ambaye mimi humwita Mzee naye ameshazoea, ana Chevrolet Nova ya 1972. Kizimba chake kilijengwa mbele ya macho yangu. Kazi ilianzia kwenye kiti. Dereva huketishwa amevaa kila kitu, koti la kuzuia moto na helmeti, kwa sababu tao halipimwi kwa paa la gari, linapimwa kwa kichwa cha mtu: lisiwe nyuma ya helmeti kwa zaidi ya inchi 6, na lipite juu yake kwa inchi 3 au zaidi. Kwa kuwa binti yake naye huliendesha gari hilo, waliketishwa wote wawili kwa zamu, na chaki ikapigwa kwa yule mrefu. Bomba la pembeni nalo linatakiwa lipite kati ya bega na kiwiko cha dereva. Lina usumbufu wakati wa kuingia, na wageni hulilalamikia sana, lakini ndilo linalobaki kati ya mbavu zako na ukuta.

Bomba la chuma cha kawaida huwa na kipenyo cha inchi 1¾ na ukuta wa kama milimita 3. Mwenye uwezo hununua kromoli, aina ya chuma chenye nguvu zaidi, ambayo ukuta wake waweza kupungua hadi kama milimita 2 na gari likawa jepesi, lakini kromoli hairuhusiwi kuchomelewa kwa mashine yoyote ile; ni TIG tu, na TIG inataka mkono uliotulia. Mashine ya kukunjia ni moja kwa nyumba nyingi. Haikodishwi. Inazunguka kwenye pikapu kutoka gereji hadi gereji majira yote ya baridi, na adabu yake ni kwamba unairudisha imefutwa na kutiwa mafuta.

Kisha kinakuja kitu ambacho watu wa nje hawakioni kamwe. Ncha ya bomba haikatwi wima. Inazungushiwa karatasi, mstari unachorwa, inakatwa kwa mbinuko ili ikumbatie bomba lingine pande zote. Ukiziweka pamoja na mwanga ukapenya kati yake, umekosea. Mwanya haujazwi kwa kuchomelea, unakata upya. Na viungo vya juu, vile vinavyokaribiana na paa? Bunduki ya kuchomelea haifiki. Fundi mvivu huchomelea nusu inayoonekana akaiacha nusu ya juu. Watu wa Mzee walitoboa mashimo sakafuni chini ya kila mguu wa kizimba, wakakishusha kizimba chote mpaka mikono ikapita juu yake, wakachomelea kila kiungo mduara mzima, kisha wakakinyanyua tena na kuweka chini ya miguu vile vibamba vya inchi 6 kwa 6 vinavyotakiwa kwenye gari lisilo na fremu. Kazi iliyoonekana wakati wa mchana kuwa ya saa moja ikaingia usiku. Mke wa mmoja wao alileta sufuria ya maharage na nyama, wakala wamesimama, wakaendelea.

Na mshono hausagwi. Kanuni inakataza kupitisha grinda juu ya mshono uliochomelewa. Kwetu mtu akitengeneza geti, hulisaga mpaka mshono ufutike, ndipo mteja asifie. Huku mshono unaachwa jinsi ulivyotoka mkononi, maana kusaga hupunguza chuma na huficha udhaifu, na mkaguzi anatakiwa asome kazi ya fundi waziwazi. Naiheshimu kanuni hii kuliko zote kitabuni. Inamlazimu mtu kuonyesha kazi yake bila kuipamba, na wenzake kumi wakipita wanajua nani alichomelea.

Siku ya ukaguzi magari hupanga foleni mbele ya karakana moja. Mkaguzi hukwangua rangi kidogo, anapaka mafuta mazito kama ute, anagusisha kipimo cha mawimbi ya sauti, na unene wa ukuta wa bomba unatokea kwenye kioo. Halafu anaingia na tochi na kioo kidogo, na mwisho anapitisha vidole juu ya viungo vilivyo chini ya paa. Nilimwona mmoja akisimamisha vidole hapo, akavirudisha, akatoka nje na kutikisa kichwa. Nusu ya juu ilikuwa haijachomelewa. Mwenye gari hakubisha. Watu wawili ambao kiangazi wangekutana naye kwenye mstari, wakiwania ushindi uleule, walilipakia gari lake kwenye trela yao, wakaenda kukifungua kizimba na kukirudia. Aliporudi alipata kibandiko chenye namba, kinachobandikwa kwenye bomba na kudumu miaka mitatu kwa magari ya kasi ile. Anayeniambia hawa ni wahuni aniambie ni wapi kwingine ameona mshindani akimrekebishia mshindani mwenzake ulinzi wa roho yake.

Kila ibara ya kitabu ina sababu iliyoumiza mtu. Kitanzi cha chuma chini ya propela shafti, kwa mfano. Kiungo cha mbele kikikatika gari likiwa kasini, shafti ikaanguka na kuchoma lami, gari hunyanyuliwa na kupinduliwa. Ndiyo maana gari la sekunde 13.99 tu, likiwa na matairi laini ya mbio, linatakiwa kitanzi kisichozidi inchi 6 kutoka kwenye kiungo hicho. Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions, California, giaboksi ya dereva Don Garlits ililipuka, ikakata gari vipande viwili na kuchukua sehemu ya mguu wake wa kulia. Katika magari ya dragi ya wakati ule dereva alikaa nyuma ya injini, miguu imezunguka mitambo. Garlits alijenga gari lenye injini nyuma ya dereva, akashinda nalo Pomona mwanzoni mwa 1971, na muda si mrefu kila mtu wa daraja lake akamfuata. Mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufa kwenye uwanja wa Englishtown, New Jersey, madaraja ya kasi kubwa zaidi yalipunguziwa umbali hadi futi 1,000.

Wengine husema mikanda ya usalama kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata ikiwa mizima, ni biashara ya wauzaji. Wauzaji wanafaidika, sikatai. Lakini nyuzi huliwa na jua bila kuonyesha alama, na mkanda haujaribiwi mara mbili.

Kuhusu moshi wa matairi: ni kupasha mpira joto ushike lami. Vikombe na shangwe wameviandika wengine.

Linaloniuma ni kwamba desturi hizi za gereji zinapungua. Siku hizi kizimba huuzwa kimekunjwa tayari kiwandani, kinaletwa mlangoni ndani ya sanduku, na mtu anaweza kukifunga peke yake. Ukaguzi kinapita, ni halali, na kwa asiye na jirani fundi ni msaada wa kweli. Magari ya 2008 na kuendelea, yenye mifuko ya hewa na breki za ABS, yanaruhusiwa kufika sekunde 10.00 bila tao lolote. Naelewa hoja ya chama. Matokeo yake lakini nayaona kwa macho: kijana anakuja na gari la dukani, anakimbia, anaondoka, na hajui jina la mtu hata mmoja pale. Akija kuhitaji kizimba, hajui aende kwa nani.

Na viwanja vyenyewe vinakwisha. Englishtown ilisimamisha mbio hizi 2018. Atlanta Dragway ikafungwa 2021. Mwaka 2023 ukaenda wa Houston, na Bandimere karibu na Denver, uliokuwa mikononi mwa familia moja tangu 1958, ukakimbia mara ya mwisho mahali pake pa asili. Ardhi imepanda bei, nyumba zimesogea, kisha waliohamia jirani na uwanja wanalalamikia kelele zilizokuwapo kabla yao. Madiwani husaini wakiamini wameondoa hatari mjini. Injini hazijauzwa kwa kuwa uwanja umefungwa. Zinarudi kwenye barabara kuu usiku, kule kule zilikotolewa mwaka 1951, na barabarani hakuna mkaguzi wa kupitisha vidole juu ya mshono, wala wa kumwambia kijana leo hutakimbia tena mpaka gari lijengwe.