Nyumba, Mfereji na Uwanja katika Bonde la Tana

Mtu aliyezaliwa katika nchi ya milima ajua jambo moja bila kufundishwa: mto upo chini, na maji yote huteremka kuuendea. Kwa hiyo akijenga nyumba huchimba mfereji upande wa juu, huyazungusha maji ya mvua pembeni mwa nyumba, kisha huyaelekeza mtoni. Huko mpango huo ni mwema. Wakulima wengi waliohamia skimu ya Bura katika miaka ya 1980 walitoka nchi za namna hiyo, na ujuzi huo walikuja nao. Lakini katika uwanda wa mafuriko, hadi Garsen na kuendelea, anayeufuata bila kupima aweza kuizamisha nyumba yake mwenyewe.

Sababu ni nini? Mto Tana hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, nao hubeba matope mengi. Ufurikapo, maji yakishatoka nje ya mto hupunguza mwendo, na mchanga pamoja na matope mazito hutuama papo hapo ukingoni. Mwaka baada ya mwaka ukingo umeinuka. Basi katika uwanda huu mara nyingi ukingo ndio mahali pa juu, na ardhi huteremka taratibu kuuacha mto, mpaka kwenye vinamasi vya nyuma. Wapokomo walilijua jambo hili tangu zamani. Ndiyo sababu vijiji vyao vingi vilikaa kwenye kingo, na mpunga ukapandwa mabondeni.

Sasa fikiri. Mtu akichimba mfereji kutoka uani hadi mtoni, imempasa aukate ukingo. Siku mto utakapojaa, maji yataingia kwa mlango huo huo, wala hayataishia kwake, yatakifunika kijiji. Tena mafuriko ya huku hayangoji mvua ya Garsen. Mvua ikinyesha sana milimani, na bwawa la Masinga likajaa na kumwaga, mto hupanda huku kwetu jua linawaka. Tuliyaona mafuriko makubwa mwaka 1961, 1997, 2018, 2023 na 2024. Kwa hiyo, ukingo usikatwe kamwe.

Kabla ya kuchimba, pima. Chukua mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, wa meta 10 hivi, uujaze maji pasibaki hewa. Simamisha vijiti viwili, kimoja karibu na nyumba na kingine mbali, ushike ncha za mpira penye vijiti hivyo. Maji ya ncha zote mbili husimama sawasawa. Tia alama kwenye kila kijiti, kisha pima kutoka alama hadi chini. Penye kipimo kirefu zaidi ndipo ardhi ilipo chini, na ndiko maji yatakakokwenda.

Ukishaujua mteremko, fanya hivi:

(a) Inua sakafu. Waulize wazee maji ya mwaka mbaya yalifika wapi, nawe uweke sakafu juu ya alama hiyo. Kama haiwezekani, usijenge hapo.

(b) Shindilia udongo kuizunguka nyumba, uteremke kidogo kutoka ukutani, ili maji ya paa yasiloweshe msingi.

(c) Chimba mfereji hatua mbili au zaidi kutoka ukutani, si chini ya ukuta. Kila meta moja ya urefu iteremke sentimeta moja. Udongo mzito wa mfinyanzi hunywa maji polepole sana, na maji yaliyosimama hulea mbu, ambao huhitaji siku 7 hadi 14 tu kutoka yai hadi kuruka.

(d) Weka choo upande wa chini wa kisima, meta 30 au zaidi. Mwezi wa Mei 2024, wakati wa mafuriko, kipindupindu kilizuka katika kaunti yetu.

(e) Acha uwanja wazi kati ya nyumba na nyumba. Uwanja huo si ardhi iliyopotea. Ni njia ya maji, na ni njia ya kupitisha watoto na wagonjwa siku ya kuhama. Usiuzibe kwa ghala wala zizi.

Je, kwa kuwa ukingo u juu, tujenge ukingoni kabisa? Hapana. Mto huu huhama. Mwaka 1989 uliiacha mitambo ya maji ya skimu ya Hola, na kilimo cha huko kikasimama kwa miaka mingi. Kanuni za maji za mwaka 2006 ziliagiza ardhi ya kando ya mto iachwe bila kulimwa wala kujengwa, kwa upana wa mto wenyewe, usipungue meta 6 wala kuzidi meta 30. Kwa mto kama Tana, meta 30 ziwe ndizo za chini kabisa. Tena sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kujenga apate kwanza kibali cha kaunti. Usianze kuchimba msingi kabla ya kukipata.

La mwisho, mfereji wa mtu mmoja ukimwaga maji uani kwa jirani haukuondoa taabu, umeihamisha tu. Kaeni pamoja kabla ya masika, mpime kijiji kizima, mchimbe mfereji mmoja mkubwa kuelekea bonde la nyuma, na kila nyumba iunge wake hapo. Kazi ya siku chache wakati wa kiangazi ni nafuu kuliko kulala juu ya paa.