Kipigo kwa mjamzito: Dalili, hatari na pa kukimbilia

Ukienda kliniki ya wajawazito unapimwa damu, presha na mkojo, kisha unapewa vidonge vya kuongeza damu. Ila kuna swali ambalo mara nyingi haliulizwi: nyumbani uko salama?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au kingono. Mimba haimkingi. Kwenye utafiti wa WHO uliotolewa mwaka 2005, ambao Tanzania ilishiriki, katika maeneo mengi asilimia 4 hadi 12 ya waliowahi kupata mimba walisema walipigwa wakiwa wajawazito. Zaidi ya 9 kati ya 10 walipigwa na baba wa mtoto huyo huyo. Robo hadi nusu yao walipigwa ngumi au mateke ya tumbo.

Siyo ngumi tu

Ukatili ni pamoja na kukunyima nauli ya kliniki, kukulazimisha tendo la ndoa, kukutukana, kukagua simu yako kila siku, kusema "mimba siyo yangu" au kutishia kukufukuza.

Kwa nini wakati wa mimba?

Mimba haimfanyi mtu awe mkatili. Mara nyingi kipigo kilianza kabla, ingawa kuna wanaopigwa mara ya kwanza wakiwa na mimba. Kinachochochea ni wivu, mimba isiyopangwa, ukata, au majibu ya kipimo cha VVU. Mama ndiye hupimwa kwanza, basi analaumiwa kuwa kaleta yeye. Pombe inazidisha, lakini siyo kisingizio. Huyo huyo akilewa hampigi bosi wake.

Hatari kwa mama na mtoto

Kipigo cha tumbo kinaweza kufanya kondo la nyuma liachie kabla ya wakati, mama akatokwa damu nyingi na mtoto akafa tumboni. WHO inasema wanaofanyiwa ukatili na wenza wao wana uwezekano mkubwa zaidi wa mimba kuharibika, kwa asilimia 16, na wa kuzaa njiti, kwa asilimia 41. Msongo na sonona navyo humfanya mama ashindwe kula, kulala na kuhudhuria kliniki.

Ufanye nini?

1. Umepigwa tumboni? Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama huumwi. Ukiona damu au maji yanatoka, tumbo linakaza au mtoto hachezi, usisubiri asubuhi.

2. Kliniki, omba kuongea na nesi peke yako. Kama mwenza kakusindikiza, muda wa kwenda kutoa mkojo unatosha kumwambia nesi.

3. Andaa mfuko mapema: kadi ya kliniki, kitambulisho, nauli na nguo za mtoto. Uweke kwa mtu unayemwamini. Shika kichwani namba moja ya simu, maana simu inaweza kuvunjwa.

4. Kama anakagua simu yako, futa historia ya ulichosoma, pamoja na habari hii.

5. Ripoti Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, utapewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Hali ikiwa mbaya, hospitali kwanza. Dharura ya polisi ni 112. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako sehemu moja.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenza wake adhabu ya kipigo. Kwa hiyo "nilikuwa namfundisha adabu" siyo utetezi.

Wewe jirani, dada au shoga

Usimwambie "vumilia, ndoa ndivyo zilivyo". Usimlazimishe kuondoka leo pia, kwa sababu wakati wa kuondoka ndipo hatari huongezeka. Msikilize, mwamini, muulize anahitaji nini. Ukisikia anapigwa usiku, piga simu polisi au gonga mlango mkiwa wengi. Mambo ya watu wawili yanaisha pale kipigo kinapoanza, na humo ndani kuna mtoto ambaye hawezi hata kupiga kelele.