Maji Laini Nayo Yapimwe

Mama anayefua ana kipimo chake cha maji, nacho ni sabuni. Povu likikataa kutoka, ndoo hiyo huitwa maji magumu, au maji ya chumvi, na lawama huanza papo hapo. Ukitaka ushahidi zaidi atakuonyesha birika, ambalo ndani limevaa ukoko mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Ndugu msikilizaji, kipimo hicho si cha uongo. Lakini kwa mkazi wa Mutuka, katika mji wa Babati, na kwa mtu yeyote anayeishi ukanda wa Bonde la Ufa, sabuni hujibu swali dogo, na swali kubwa hubaki halijaulizwa.

Tuanze na hilo dogo. Maji ya mvua yanaposhuka ni laini. Yakipenya ardhini hukutana na mawe, na humo huyeyusha madini ya kalsiamu na magnesiamu. Madini haya hayapatani na sabuni. Huishika na kuigeuza kuwa utando wa kijivu unaoelea kwenye beseni, na povu halitoki mpaka sabuni iwazidi nguvu. Wataalamu hupima ugumu huo kwa miligramu katika lita moja: chini ya 60 maji ni laini, juu ya 180 ni magumu sana. Ukiyachemsha, sehemu ya madini hujitenga na kuganda kwenye birika, na huo ndio ukoko. Sehemu nyingine haitoki hata ukichemsha kutwa nzima.

Hasara ipo, nani atabisha? Sabuni hutumika mara mbili, hita za umeme huungua, mabomba huziba polepole, na maharage hukaa jikoni mpaka mkaa unaisha. Lakini Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu ya afya, maana halikuona ushahidi wa kutosha kwamba ugumu wenyewe unamdhuru mnywaji. Watu wa Unguja wamekunywa vizazi na vizazi maji ya visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa tupu. Maneno ya mitaani kwamba ukoko wa birika ndio huo unaokwenda kuwa mawe ya figo hayajathibitishwa.

Sasa tuje kwenye swali kubwa. Babati ni nchi ya volkano. Mlima Kwaraa uko jirani na mji, na Hanang hauko mbali. Mawe na majivu ya volkano yana madini yanayoitwa floraidi, na maji yaliyokaa ardhini muda mrefu huyachukua. Hata mawe ya fosfeti yanayochimbwa Minjingu, ndani ya wilaya ya Babati, kwa ajili ya mbolea, yana floraidi ndani yake. Madini haya hayana rangi, hayana harufu, na kwa kiasi kinachodhuru hayana ladha ya kukuonya. Kule Arumeru kuna mahali panaitwa Maji ya Chai, panapojulikana kwa floraidi nyingi, na wengi hudhani ile rangi iliyotajwa katika jina ndiyo sumu. Sivyo. Maji meupe kama kioo yanaweza kuwa na floraidi kuliko hayo ya rangi ya chai.

Na hapa ndipo sabuni inapotudanganya. Kalsiamu, yule mgomvi wa sabuni, hupenda kuikamata floraidi. Zikikutana kwa wingi hushikana, zikawa jiwe na kubaki ardhini. Lakini katika maji yenye magadi, kama ilivyo sehemu nyingi za bonde hili, kalsiamu huwa kidogo, na floraidi hukosa wa kuizuia ikabaki ndani ya maji. Maji ya namna hiyo ni laini. Povu hutoka kwa furaha, birika hubaki safi, na kisima husifiwa mtaa mzima! Sisemi kwamba kila maji magumu ni salama, wala kwamba kila maji laini yana madhara. Nasema povu halikuambii lolote kuhusu floraidi.

Anayelipa ni mtoto. Meno ya kudumu huundwa ndani ya ufizi katika miaka minane ya kwanza, na floraidi ikizidi wakati huo huharibu ngozi ngumu ya jino kabla halijaonekana. Jino hutoka na mabaka meupe, kisha kahawia, na likiathirika sana humeguka. Mzazi anapoona hivyo, kazi ilikwisha fanyika miaka kadhaa nyuma, na mswaki hauondoi. Kijana wa kaskazini akienda kusoma Dar es Salaam hujifunza kucheka akiwa amefunga mdomo, kwa sababu wenzake wanadhani hapigi mswaki. Kiasi kikizidi sana, na mtu akanywa kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika, mgongo na magoti yakakakamaa.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi mwaka 1974 tulijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, si kwa kutojua, bali kwa sababu kuifuata 1.5 kungelazimu kufunga vyanzo vingi pasipo na kingine cha kuwapa watu. Baadaye tukashuka hadi 4, na kiwango cha taifa cha mwaka 2018 kikafika hapo 1.5. Kiwango kikishuka kwenye karatasi, kisima hakibadiliki.

Kuna jambo moja la jikoni ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha. Maji magumu hayaivishi maharage upesi, kwa hiyo mpishi hutia magadi ya ziwani ili yalainike. Baadhi ya magadi hayo yana floraidi nyingi. Mama anaukimbia ugumu, ambao haumdhuru mwanawe, na kukitia sufuriani kinachomdhuru. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji yale. Utaokoa na mkaa.

Kuchemsha, je? Chemsha, kwa sababu ya vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. Lakini floraidi haiondoki na mvuke. Chukua lita 4 zenye miligramu 3 kwa lita, zichemke mpaka zibaki 3: sasa kila lita ina miligramu 4. Kwa hiyo zikishatokota, epua. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko Arumeru, kimeshughulika kwa miaka mingi na chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi. Mifupa hiyo huchomwa kwa joto linalopimwa na hewa kidogo, si kazi ya kujaribu uani.

Dawa iliyo karibu zaidi ni bati la nyumba. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutaja. Mvua za kwanza zioshe bati, kisha kinga, funika tangi, na chemsha kabla ya kunywa. Yasipotosha familia nzima, yawe ya kunywa na ya uji kwa walio chini ya miaka minane, na ya kisima yafulie. Hata kuchanganya kunasaidia: nusu ya mvua na nusu ya kisima chenye miligramu 3 hukuletea 1.5.

Visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo jibu la kisima cha mwenzako si lako. Maabara za Wizara ya Maji hupima, Arusha ikiwamo, na mamlaka inayokuuzia maji inapaswa kujua ya kwake. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, ombeni karatasi ya vipimo. Ruka mstari wa ugumu, tafuta mstari wa floraidi, kisha angalia tarehe, na jina la kisima: ni hiki mnachonywa, au kile cha zamani?