Nauli Tunapatana, Kadi Hatupatani

Gari la Buna halina saa, lina kujaa. Likijaa saa kumi na moja alfajiri litaondoka saa hiyo hiyo. Lisipojaa mpaka jua likawa kali, mtakaa mnywe turungi, chai ya rangi, hadi dereva aridhike. Na neno "kujaa", tafsiri yake anayo yeye peke yake. Asubuhi ninayoizungumzia tulishahesabu watu kumi na wanne ndani na juu ya Land Cruiser moja, mbali na mitungi ya maziwa ya ngamia iliyovikwa magunia mabichi ili joto lisiyaharibu njiani, na beberu mmoja aliyefungwa miguu. Bado tanboi alikuwa akiita, "Wajir, Wajir, mmoja tu," akiliitia giza ambalo halikuwa na mtu mwingine isipokuwa sisi.

Nilikuwa nampeleka mpwa wangu Thika, alikoitwa chuo cha ufundi. Ana miaka kumi na minane na alikuwa hajapita Wajir. Mama yake alimpa bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni, na ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya chuo, cheti cha kuzaliwa, kadi ya shule, nakala ya kitambulisho cha mama, nakala ya kitambulisho cha baba, barua ya chifu yenye muhuri, pamoja na ile karatasi ya kusubiri kitambulisho ambayo kwetu kila mtu anaiita weitingi. Pesa alizifunga kwenye pembe ya shuka.

"Pesa zikipotea utaomba," dada yangu alimwambia. "Bahasha ikipotea utarudi."

Kwenye ramani, anayetoka Buna kwenda Nairobi angeelekea kusini moja kwa moja. Wengi wetu hatufanyi hivyo. Tunapanda kaskazini kwanza hadi Moyale, kwa sababu Moyale iko karibu kuliko Wajir, makao makuu ya kaunti yetu, na kwa sababu kutoka Moyale hadi Isiolo ni lami tupu, zaidi ya kilomita 500, iliyokamilika katikati ya muongo uliopita. Zamani kipande hicho kilikuwa cha siku mbili tatu juu ya malori ya ng'ombe, abiria wameng'ang'ania vyuma huku pembe zikiwachoma nyayo. Sisi tulishika njia ya Wajir kwa sababu moja tu: kule ndiko ilikokuwa ofisi ya kuuliza kama kitambulisho cha kijana kimetoka.

Nauli nayo ina adabu zake. Dereva alianza na 1,500 kwa kiti cha mbele.

"Adeer, huko mbele mlango haufungiki."

"Ndiyo maana ni mbele. Kuna hewa."

Tulikata tukafika 1,200 kila mmoja, tukae nyuma. Waliokaa juu ya mizigo walilipa chini ya hapo. Mtoto wa kupakatwa halipi. Beberu alilipiwa, kwa sababu beberu anaenda kuuzwa na kesho atakuwa pesa. Kulikuwa na ayeyo mmoja, bibi mzee, aliyefungwa kitambaa jichoni, anapelekwa hospitali. Hakuna aliyemdai wala yeye hakujitetea. Na kijana mmoja alipanda kwa maneno matatu, jina lake, la baba yake na la babu yake, dereva akaitikia kwa kichwa. Deni hilo litalipwa siku ya mnada, mfugo ukiuzwa. Mimi huwa nawaambia jamaa zangu wa Nairobi kwamba Buna tulikuwa na kadi ya usafiri kabla yao, ila yetu imeandikwa kwenye ukoo. Mvua ikinyesha na laga zikajaa maji, hata hiyo kadi haisaidii: nauli hupanda maradufu, kisha magari hukoma kabisa, na hapo mwenye pesa na asiye nazo wanakunywa turungi moja.

Nairobi walijaribu ya plastiki. Mwaka 2013 ilikuja BebaPay, kadi ya Google na benki ya Equity; zikafuata nyingine, na serikali ikaamuru kwamba kuanzia Julai 2014 pesa taslimu zisipokewe tena kwenye matatu. Amri ikaahirishwa, halafu ikafifia. BebaPay yenyewe ilizimwa 2015. Makanga aliitaka noti mkononi, iliyokunjwa kwa urefu katikati ya vidole, na kila aliyekuwa akilishwa na noti hiyo barabarani alikuwa upande wake. Dar es Salaam walifika mbali zaidi: mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016, safari ya njia kuu ilikuwa shilingi 650 za Tanzania, imebandikwa ukutani, tajiri na maskini wanasoma bei moja. Nilipoipanda mara ya kwanza nilisimama dirishani nikiwa tayari kupatana. Msichana wa tiketi alinitazama kama mtu aliyeomba apunguziwe bei ya stempu.

Lakini huku kwetu neno pasi lina harufu nyingine. Muulize mzee yeyote wa Buna, Bute au Wajir maana ya pasi, hatakutajia basi. Mwingereza alipitisha Sheria ya Wilaya za Nje mwaka 1902, na kwa sheria hiyo baadaye akaifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini: mgeni asiingie, mwenyeji asitoke, ila kwa kibali. Ya 1934 ikaongeza mikazo, watu na mifugo wakapangiwa pa kulishia na pa kunywea. Kitu pekee kilichopita Buna bila kibali katika miaka hiyo ni jeshi la Waitaliano, lililoiteka Moyale Julai 1940 na kuteremka hadi kwetu.

Uhuru ulipokuja haukuiondoa pasi. Hali ya hatari ilitangazwa huku kwetu Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, na vita vya shifta, vile vya kutaka kujitenga, vilipokwisha 1967 hali hiyo iliachwa palepale. Iliondolewa 1991. Yaani mtu wa rika langu amezaliwa, amesoma na ameota ndevu chini yake. Si ajabu mpaka leo mzee akipanda gari la kusini anasema "naenda Kenya".

Katikati ya hayo, mwishoni mwa 1989, Wasomali wote wa Kenya walipangwa foleni wakachujwa, na aliyefaulu akapewa kadi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Baba yangu mdogo bado anayo. Ameitia kwenye nailoni ile ile ya kufungia sukari, na ukimwomba akuonyeshe anaitoa kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa kijipande cha kioo mguuni. Hajawahi kueleza kwa nini hakuitupa. Nami nilipokuwa chuoni Nairobi, wenzangu walikiita kitambulisho chao "kipande", kwa mzaha, bila kukumbuka kwamba kipande ndicho kile alichoning'iniziwa Mwafrika shingoni tangu baada ya vita vya kwanza hadi 1947. Huku jina hilo hatulitumii kwa mzaha.

Wajir tuliambiwa kitambulisho bado. Mpwa wangu alikuwa amebahatika, kwani Februari 2025, akiwa papo hapo Wajir, Rais William Ruto alifuta ule mchujo wa wazee na maafisa ambao vijana wa kaunti za mpakani walikuwa wakikalishwa mbele yake kabla ya kuandikishwa. Kaka yake mkubwa aliukalia, akaulizwa babu yake alinywesha ngamia kisima gani. Wapo walio na taabu kubwa zaidi: maelfu ya Wakenya ambao, njaa ilipobana, wazazi wao waliwaandikisha kambi za Dadaab ili wapate posho ya unga, na sasa alama zao za vidole zinasema ni wakimbizi. Posho iliisha utotoni, alama haziishi.

Basi la Nairobi liliondoka Wajir asubuhi ya pili. Hapa mambo ni rasmi: karani anaandika jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho, anachana tiketi, bei haina mjadala. Kwenye namba ya kitambulisho ya mpwa wangu alisita, akaandika ile ya weitingi, akaizungushia duara.

Baada ya Habaswein, ambako barabara hukatika kila bwawa la Lorian linapofura, jirani yangu alianza kuhesabu mabasi tuliyokutana nayo. Alikuwa fundi wa magari, mtu wa Kitui, amekaa Mandera miaka mingi. Alisema njia yao ya Mandera na Wajir kuna siku hawaondoki bila polisi wa kuwasindikiza, na kila abiria anajua sababu. Novemba 22, 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa, abiria wakatenganishwa, wakatakiwa wathibitishe Uislamu wao kwa kisomo. Walioshindwa waliuawa, watu 28, wakiwemo walimu wengi waliokuwa wakienda kwao likizo ya Krismasi. Walimu wa bara wakaanza kuondoka. Mpwa wangu amesoma vidato viwili bila mwalimu wa hesabu.

Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine lilisimamishwa, likadaiwa pasi ile ile. Wanawake ndani walikuwa wameshawatupia Wakristo hijabu na mitandio yao. Abiria wakakataa kutengana, wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki hospitalini Januari 2016. Baadaye Rais Uhuru Kenyatta alimtunukia nishani. Kisa hicho ndicho kilichozaa filamu fupi ya "Watu Wote", iliyofika hadi kinyang'anyiro cha Oscar mwaka 2018.

"Mimi siku hizi sina wasiwasi," fundi aliniambia. "Nikipanda naketi karibu na mama mwenye mtandio mkubwa." Akacheka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

Kutoka Wajir hadi Thika nilihesabu vizuizi saba. Kwenye kimojawapo, sikitaji, tuliteremka wote tukapanga mstari, kila mtu kitambulisho kifuani kama wanafunzi wanaopigwa picha. Afisa aliupitia mstari haraka mpaka alipofika kwa mpwa wangu.

"Hii si kitambulisho."

"Ni weitingi, afande."

"Unasubiri nini?"

Kijana hakujua kama ni swali. Akafungua bahasha, akaanza kutoa kimoja kimoja: cheti, kadi ya shule, mama, baba, chifu. Upepo ulimnyang'anya barua ya chuo, ikakimbia kwenye changarawe, na tanboi wa basi akairukia kwa mguu kama mpira. Afisa aliitazama ikiwa na alama ya kandambili, akauliza jina la chifu, akauliza Kiswahili kijana amejifunzia wapi. "Shule, afande." Akamrudishia. Basi zima lilikuwa linatungoja, na hakuna aliyenung'unika. Wakati huo ndio watu hupigia simu nyumbani kusema wamefika wapi.

Nilimweleza, tulipoketi, kwamba mambo ya njiani si haya tu, kwamba Aprili 2024 basi lenye abiria 51 lilisombwa na mafuriko pale Tula, kwenye barabara hii hii ya Garissa, na wote wakaokolewa. Nilidhani namliwaza. Alikuwa akiipanga upya bahasha: barua ya chifu juu, weitingi chini yake.

Thika tuliipita usiku, tukaenda kulala kwa jamaa Islii. Asubuhi tulipanda matatu ya namba 6 kwenda mjini ili tuunganishe ya Thika. Muziki ulikuwa unatikisa vioo, picha za wachezaji mpira zimechorwa hadi darini, na mpwa wangu alikuwa ametazama juu mdomo wazi. Makanga alikuja kwa mgongo kutoka mlangoni, akamgusa begani kwa kidole.

Kijana aliinuka nusu, akagonga kichwa, akachomoa bahasha. Kabla sijamshika mkono alikuwa ameshamkunjulia makanga barua ya chifu.

Makanga aliisoma. Kwa kweli aliisoma, mpaka kwenye muhuri.

"Buna ni wapi?"

"Wajir Kaskazini."

"Sawa," akasema, akamrudishia. "Sasa leta finje."

Mpwa wangu akanigeukia. "Abti, finje ni karatasi gani?"