Mbwa Mdogo Atakaye Kazi

Kuna lalamiko moja lisikikalo mara kwa mara kwa watu wafugao mbwa wa aina ya teria. Husema, "Mbwa wetu ni mdogo, lakini ametushinda. Amechimba bustani yote, amerarua mto wa kiti, hubweka mchana kutwa, na jana amemkimbiza kuku wa jirani. Tumempiga, hasikii, tumemfunga, amezidisha kelele. Sasa twataka kumpa mtu mwingine." Na yule mtu mwingine, akiisha kumchukua, hukaa naye miezi michache, kisha husema maneno yayo hayo. Hivyo mbwa hupita nyumba hata nyumba, na mwisho huenda asiwe na nyumba kabisa. Basi kabla ya kumtoa, na tuulize: mbwa huyu alizaliwa kwa kazi gani?

Jina lake lenyewe latujibu. Asili yake ni neno la Kilatini terra, maana yake ardhi. Kwa kuwa mbwa hawa walifugwa wapate kuingia chini ya ardhi na kuwatoa wanyama mashimoni. Miongoni mwao walio mashuhuri ni wale waitwao Jack Russell. Jina hilo ni la Padre John Russell, aliyezaliwa katika jimbo la Devon, Uingereza, mwaka 1795, akafa mwaka 1883. Alipokuwa mwanafunzi huko Oxford, mwaka 1819, alikutana na muuza maziwa mmoja aliyefuatana na mbwa jike mweupe, mwenye mabaka ya hudhurungi machoni na masikioni. Akampenda papo hapo, akamnunua. Jina lake mbwa huyo lilikuwa Trump, naye hutajwa kuwa mama wa ukoo ule.

Padre Russell alikuwa mwindaji hodari wa mbweha, naye alitaka mbwa mwenye mambo matatu pamoja: miguu ya kufuatana na farasi, kifua chembamba cha kupenya shimoni, na moyo wa kusimama gizani mbele ya mbweha na kumbwekea bila kumwua, hata atoke nje. Mpaka leo, katika maonyesho, mwamuzi humzungushia teria huyo mikono miwili kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, apate kujua kama kifua chake chaweza kupita tunduni.

Sasa fikirini kazi hiyo. Huko chini hakuna bwana wa kumwelekeza mbwa. Hukata shauri mwenyewe. Sharti achimbe, abweke, akimbize, wala asikate tamaa. Kizazi baada ya kizazi wafugaji waliwachagua waliozidi katika mambo hayo. Basi yale tuyaitayo makosa yake ndiyo ufundi wake. Yeye ni fundi asiye na kazi, na fundi wa namna hiyo hujitafutia kazi bustanini mwako.

Ni kweli kwamba zamani zimegeuka. Huko Uingereza na Wales, sheria iliyotungwa mwaka 2004, ikaanza kutumika mwaka 2005, imekataza namna nyingi za kuwinda wanyama wa mwitu kwa mbwa. Tena teria wengi sasa hukaa mijini, wasione hata tundu la sungura. Kwa hiyo watu wamebuni kazi zifananazo na ile ya kale. Chama cha mbwa cha Marekani, American Kennel Club, kilianza mwaka 1994 kuwapima teria katika mahandaki ya mbao yaliyofukiwa ardhini. Mwisho wa handaki huwekwa panya, naye hulindwa ndani ya kizimba asipate kuumizwa. Mbwa huingia peke yake, hufuata harufu gizani, na akimfikia panya hubweka na kukwangura. Hakuna amwagaye damu, na mbwa hutoka amejaa furaha.

Lakini hata asiye na handaki aweza kumpa mbwa wake kazi nyumbani.

Kwanza, kuchimba. Usimkataze kabisa, maana ni sawa na kumkataza bata asiogelee, mchagulie mahali. Tengeneza sanduku la mbao lenye upana wa mita moja au zaidi, ulijaze mchanga, ukafukie ndani yake mpira au kipande cha nyama kavu. Siku za kwanza fukia mbele ya macho yake, juu juu tu. Akiisha kuelewa, zidisha kina. Akichimba penginepo, usimpigie kelele. Mwite, umwongoze kwenye sanduku lake, umsifu anapochimba hapo.

Pili, kunusa. Chakula chake cha asubuhi, badala ya kukitia bakulini, kitawanye majanini akitafute. Akizoea, panga makasha matano au sita, ufiche chakula katika moja tu. Watoto waweza kusaidia kuficha, mradi mtu mzima awepo. Robo saa ya kazi hiyo huweza kumtuliza kuliko mwendo mrefu wa kuvutwa kwa kamba.

Tatu, kukimbiza. Funga kitambaa kwenye kamba, na kamba kwenye fimbo ndefu, ukikokote chini. Mwache akikamate mara kwa mara, maana awindaye asipate kamwe huudhika. Kisha mwambie, "Acha!" Akiacha, mpe kitu kidogo, na mchezo uanze tena. Neno hilo, akilizoea vema, litakufaa siku atakapomwona kuku wa jirani. Na mpaka alizoee, asitembee nje pasipo kamba. Dakika tano zatosha. Mbwa mchanga asirukishwe juu, kwa kuwa viungo vyake havijakomaa.

Nne, panya. Sheria ile ya Uingereza yaruhusu bado kuwinda panya kwa mbwa, mwenye shamba akikubali. Lakini hapa pana hatari. Usimpeleke mahali palipotegwa sumu, maana akila panya aliyekufa kwa sumu huweza kudhurika naye. Mkojo wa panya hueneza ugonjwa wa leptospirosi, nao huwapata wanadamu pia. Basi daktari wa wanyama amchanje kwanza. Wala usimwache aingie katika mashimo asiyoyajua mtu, kwa kuwa teria wengine hukwama humo, au hufukiwa na udongo.

Na baada ya kazi, apumzike mahali pa utulivu pasipo kusumbuliwa. Mbwa huyu hajui kujizuia, wewe ndiwe wa kusema, "Basi, imetosha."

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wewe uliyekwisha kuazimu kumtoa mbwa wako, ngoja kwanza mwezi mmoja. Mpe kuchimba, kunusa na kukimbiza kila siku, kwa saa zile zile, ukaandike katika daftari siku aliyoharibu kitu na siku aliyokaa salama. Mwezi ukiisha, lisome daftari hilo pamoja na watu wa nyumbani, ndipo mkate shauri.