Mafuta Yakimwagika, Tuogope Nini?



Siku ya kupima watoto, mkiwa kwenye benchi mkingoja zamu ya kilo, mnaongea mambo mengi. Siku nyingine inakuja habari ya mbali: mafuta yamemwagika baharini. Hapo mama mmoja anauliza: «Munganga, banasema ile mafuta itafika mpaka mu Luapula, samaki yote itakufa. Ni kweli?»

Kuuliza si kosa. Mama anayeuliza anamlinda mtoto wake. Basi tuangalie jambo hili polepole.

MAFUTA YA MBALI

Tarehe 20 Aprili 2010, katika bahari iliyo kusini ya Marekani, mtambo wa kuchimba mafuta ulioitwa Deepwater Horizon ulilipuka. Saruji iliyoziba kisima haikushika, gesi ikapanda kwa nguvu, na chombo cha kufunga kisima hakikufunga. Wafanyakazi 11 walikufa. Mafuta yalitoka siku 87, zaidi ya mapipa milioni 3. Ndege na samaki walikufa, wavuvi wakakosa kazi. Hayo yote ni kweli.

Lakini uvumi ulizidi ukweli. Wengine walisema adui amepiga mtambo kwa siri. Wengine walisema gesi itapasua chini ya bahari, na wimbi kubwa litafunika miji. Wengine walisema mvua itanyesha mafuta. Tarehe 15 Julai kisima kilifungwa, na mwezi wa Septemba kikazibwa kabisa. Wimbi halikuja. Mvua ilibaki maji, kwa sababu jua linapandisha mvuke wa maji, lakini mafuta mazito yanabaki chini.

Kwa nini watu waliamini? Hakuna aliyeweza kuona chini ya bahari kwa macho yake. Tena, mwanzoni kilitangazwa kiasi kidogo kuliko kile kilichotoka kweli. Mtu akidanganywa mara moja, kesho anaamini hata yasiyowezekana.

NA LUAPULA YETU?

Kwetu Congo pia mafuta yanachimbwa baharini, upande wa Muanda, tangu miaka ya 1970. Yakimwagika kule, watu wa kule watapata taabu. Lakini kwetu hayawezi kufika. Luapula inaingia katika ziwa Moero, inatoka ikiitwa Luvua, inajiunga na Lualaba, inakuwa mto Congo, mpaka baharini. Maji yanatoka kwetu kwenda kule. Hayapandi kurudi.

Basi usimnyime mtoto samaki kwa sababu ya uvumi huo. Mtoto anayekula bukari tupu kila siku anaweza kupata kwashiorkor: miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi, nguvu zinakwisha. Woga wa bure unaweza kumletea ugonjwa wa kweli.

MAFUTA YA KARIBU

Mwaka ule ule, mafuta ya bahari yakiwa bado yanatoka, kamio la esansi lilianguka katika Sange, huko Sud-Kivu. Ilikuwa tarehe 2 Julai 2010, jioni. Esansi ilitiririka barabarani. Watu hawakuogopa. Walikuja na bidoni na sahani kuchota. Wengine walikuwa karibu katika nyumba wakiangalia mpira wa Kombe la Dunia. Kisha moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa, na kati yao walikuwamo watoto.

Mama, angalia vizuri. Mafuta ya mbali, yasiyoweza kutufikia, yanatuondolea usingizi. Mafuta ya karibu tunayakimbilia na bidoni. Na sisi wa Kasomeno tuko kwenye njia ya makamio.

Esansi inatoa mvuke. Mvuke huo hauonekani, unatambaa chini na kwenda mbali. Ukikuta mbabula, sigara au moto wa pikipiki, unawaka na kurudi mpaka pale esansi ilipo. Kwa hiyo:

1. Kamio la esansi likianguka, chukua watoto, ukimbie mbali. Usichote hata kikombe kimoja. Usimtume mtoto kuchota.

2. Zima mbabula kama uko mbali na unaweza. Kama harufu imekwisha kukufikia, usiguse moto: toka tu.

3. Mafuta au asidi ikimwagika karibu na mto au kisima, usichote maji pale, hata ya kufulia. Kuchemsha kunaua vijidudu tu, hakuondoi mafuta wala asidi. Pasha habari kwa chefu na kwa wauguzi.

4. Mtu akiungua, mwagia mahali pale maji safi ya baridi kwa dakika 20. Funika na kitambaa safi. Usipake mafuta, yai, wala dawa ya meno. Mpeleke hospitali.

PETEROLI NYUMBANI

Peteroli ya taa usiiweke kamwe katika chupa ya limonadi. Mtoto mwenye kiu hajui. Iweke juu, mbali na mikono yake, katika chombo kilichofungwa.

Mtoto akiinywa, usimtapishe! Peteroli ikipanda tena, inaweza kuingia katika mapafu. Usimpe mawese, maziwa, wala maji ya chumvi, hata kama jirani anasema ni dawa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, umlete hospitali saa ile ile pamoja na chupa. Usingoje aanze kukohoa.

UKISIKIA HABARI YA KUTISHA

Jiulize maneno matatu: Nani ameona kwa macho yake? Inaweza kufika kwetu, kwa njia gani? Leo, nyumbani kwangu, nifanye nini? Kama hujapata jibu, usiipeleke kwa jirani. Ilete kliniki, tuiangalie pamoja.

Mungu ametupa woga ili utulinde, na akili ili tujue cha kuogopa. Tutumie vyote viwili. Leo ukifika nyumbani, kabla ya kuweka sombe motoni, angalia kwanza chupa ya peteroli iko wapi.